Salmonela na Dawa Zilizochoka: Historia Inayosomwa Kutoka Maswa

Mwaka 1947 yalitokea mambo mawili ambayo wakati ule hakuna aliyedhani yangekuja kukutana. Katika udongo uliochotwa karibu na jiji la Caracas, Venezuela, mtafiti Paul Burkholder wa Chuo Kikuu cha Yale alipata bakteria anayetoa kemikali ya kuua bakteria wenzake. Kemikali hiyo ikaitwa kloramfenikoli. Mwaka huohuo serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilizindua Mpango wa Maendeleo ya Usukuma, ukiendeshwa kutoka Malya, jirani kabisa na Maswa, wilaya ambayo leo imo mkoani Simiyu. Mpango ulihimiza pamba, ulipambana na mmomonyoko wa udongo, uliwataka watu wapunguze ng'ombe, jambo ambalo Wasukuma walilikataa waziwazi, na ulichimba malambo ili maji ya masika yadumu hadi kiangazi.

Ng'ombe na malambo ni mambo ya kuanzia kwa mtu anayetaka kuielewa Maswa, hata habari inapokuwa ya bakteria. Nchi ni tambarare na kavu, mvua ni ya kubahatisha, na maji yanayokusanyika ni ya wote: mbuzi anakunywa, ng'ombe anaingia hadi magotini, binti anachota ndoo ya nyumbani. Salmonela hukaa matumboni na kutoka na kinyesi, cha mtu au cha mnyama, kisha hurudi kinywani kwa maji, maziwa, nyama, mayai au mikono isiyonawa. Haihitaji zaidi ya hapo.

Bakteria huyu alikuwa ameshajulikana kwa zaidi ya miaka 60. Mwaka 1885, nchini Marekani, Theobald Smith alimtenga kutoka kwa nguruwe wagonjwa, na jina likatokana na mkuu wake wa kazi, daktari wa mifugo Daniel Salmon. Leo tunajua zipo aina zaidi ya 2,500. Moja, Taifi, huishi kwa binadamu tu na huleta homa ya matumbo, yaani taifodi. Nyingine nyingi hukaa kwa kuku, ng'ombe, nguruwe na hata mijusi. Katika nchi tajiri hizi za wanyama huonekana kama ugonjwa wa chakula kibovu: mtu anaharisha siku chache, anapona, basi. Kwetu mambo hayakwenda hivyo, na watafiti walichukua miaka mingi kukubali walichokuwa wakikiona.

Turudi kwenye kloramfenikoli. Mwaka 1948 madaktari wa Kimarekani, Theodore Woodward na Joseph Smadel, walikuwa Kuala Lumpur wakiijaribu kwa ugonjwa mwingine, wakagundua kwamba inaponya homa ya matumbo. Kabla ya hapo taifodi haikuwa na dawa. Mgonjwa aliuguzwa wiki tatu au nne, akipewa uji na maji, na familia ikisubiri kuona ataelekea wapi. Sasa homa ilishuka ndani ya siku chache. Dawa ikaanza kutengenezwa viwandani, bei ikaporomoka, na kwa karibu nusu karne kloramfenikoli ndiyo iliyokuwa tegemeo la hospitali za Afrika Mashariki kwa taifodi, kwa homa ya uti wa mgongo, kwa mtoto yeyote aliyefika amelegea na homa kali isiyo na jina. Ilikuwa rahisi, ilikuwapo, na ilifanya kazi. Mtu akiuliza kwa nini ilitumiwa kiasi kile, jibu ni hilo tu, na sioni wa kulaumiwa katika zahanati za wakati ule.

Lawama, kama ipo, iko kwingine. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Thomas Jukes na Robert Stokstad, watafiti wa kampuni ya Lederle huko Marekani, waliona kwamba vifaranga wanaolishwa mabaki ya kutengenezea dawa ya klorotetrasaiklini hunenepa haraka kuliko wenzao. Ndani ya miaka michache antibiotiki zikawa sehemu ya chakula cha mifugo Marekani na Ulaya, kwa kuku na nguruwe wasio wagonjwa. Hakuna shamba la bakteria lililo bora kuliko hilo: tumbo lenye mabilioni ya vimelea, na dawa kidogokidogo kila siku, isiyotosha kuwaua wote lakini inayotosha kuwabakiza walio sugu.

Ushahidi wa matokeo yake ulifichuliwa kwenye kabati la sampuli za zamani. Mwaka 2018 watafiti wa Taasisi ya Pasteur jijini Paris, wakiongozwa na François-Xavier Weill, walichapisha uchunguzi wa sampuli 288 za salmonela aina ya Typhimurium zilizokusanywa kati ya 1911 na 1969 kutoka nchi 31. Ampisilini iliingia sokoni mwaka 1961. Lakini katika sampuli za Ufaransa na Tunisia za mwaka 1959 na 1960, jeni la kuishinda ampisilini lilikuwapo tayari. Bakteria walikuwa wamejifunza kuivunja dawa kabla binadamu wa kwanza hajaandikiwa. Watafiti hao walihisi kwamba penisilini iliyotiwa kwa wingi kwenye chakula cha mifugo katika miaka ya 1950 ndiyo iliyowafundisha. Jeni lenyewe lilikuwa juu ya plasmidi, kipande kidogo cha mviringo cha vinasaba ambacho bakteria mmoja humpa mwingine, hata wa ukoo tofauti. Usugu haukuhitaji kuzaliwa upya kila mahali, uligawiwa.

Uingereza ililiona hilo miaka ya 1960. E. S. Anderson, akifanya kazi Colindale, London, alifuatilia Typhimurium sugu kutoka kwa ndama waliosafirishwa na madalali hadi kwa watu waliougua na kufa. Kelele zake zilizaa Kamati ya Swann, ambayo mwaka 1969 ilishauri kwamba antibiotiki zinazotibu watu zisitumiwe kunenepesha wanyama. Umoja wa Ulaya ulifunga kabisa mlango huo mwezi Januari 2006, miaka 37 baadaye. Na mwaka 1972 Mexico ilipata mlipuko wa taifodi isiyosikia kloramfenikoli, wagonjwa zaidi ya 10,000. Hapo dunia ilipata onyo la wazi kwamba dawa ya Caracas imeanza kuchoka.

Huku Afrika, chini kwa chini, kulikuwa na jambo jingine. Miaka ya 1980 na 1990 hospitali chache zilizoweza kuotesha damu maabara zilianza kupata salmonela ndani ya damu ya watoto na ya watu wazima wenye virusi vya Ukimwi. Haikuwa Taifi. Zilikuwa zile za wanyama, Typhimurium na Enteritidis, ambazo vitabu vya Ulaya vilisema huishia tumboni. Wagonjwa wengi hawakuharisha hata kidogo. Walikuwa na homa, walipumua kwa shida, wengu umevimba, damu imepungua. Mtu yeyote aliyefanya kazi wodi ya watoto katika Kanda ya Ziwa anaijua picha hiyo, na jina lililoandikwa kwenye kadi lilikuwa malaria. Mara nyingi malaria ilikuwapo kweli. Malaria inapovunja chembe nyekundu za damu hudhoofisha askari wa mwili wanaoua salmonela, na mtoto mwenye utapiamlo ana askari wachache tangu mwanzo. Magonjwa mawili yaliingia kwa mlango mmoja, na uliotibiwa ni ule wenye kipimo.

Blantyre, Malawi, ndiko habari hii ilikoandikwa kwa ukamilifu. Kati ya 1998 na 2004 Hospitali ya Queen Elizabeth ilirekodi karibu wagonjwa 5,000 wenye salmonela hizo katika damu, na wagonjwa waliongezeka kila aina ya bakteria ilipopata usugu. Karibu mwaka 2002 Typhimurium ya Blantyre iliacha kuisikia kloramfenikoli, baada ya kuwa imeshaiacha ampisilini na kotrimoksazoli, ile Septrini ya kila duka. Dawa tatu za bei nafuu, zote tatu zilizokuwa kwenye rafu ya hospitali ya wilaya, zikawa hazina kazi kwa ugonjwa mmoja.

Bakteria mmoja aliyepatikana Malawi mwaka 2004 alisomwa vinasaba vyote na matokeo yakatoka mwaka 2009. Alikuwa wa ukoo uliopewa namba ST313, ulioonekana kwa nadra nje ya Afrika. Jambo lililonishtua niliposoma maelezo yake ni mahali usugu ulipokaa. Jeni za kuzishinda dawa zilikuwa zimejichomeka kwenye plasmidi ileile inayobeba silaha za kuugulisha. Bakteria anayerithi ukali anarithi na usugu, kwa mzigo mmoja. Mwaka 2012 Chinyere Okoro na wenzake walilinganisha sampuli kutoka sehemu mbalimbali za Afrika kusini mwa Sahara wakaona matawi mawili: la kwanza walikadiria lilizuka karibu mwaka 1960, la pili karibu 1977. La pili lilikuwa na usugu wa kloramfenikoli, na lilimfukuza ndugu yake karibu kila mahali. Kuenea kwake kulikwenda sambamba na Ukimwi.

Kwa hiyo wakati Tanganyika inapata uhuru, tawi la kwanza la bakteria huyu lilikuwa limeshazuka mahali fulani barani. Wakati vijiji vya Ujamaa vinapangwa Shinyanga, Maswa ikiwa wilaya yake, la pili lilikuwa njiani. Hakuna aliyeweza kumwona, kwa sababu zahanati haikuwa na maabara ya kuotesha damu, na mpaka leo kwa kawaida haina.

Kenya ilianza kuhesabu mapema zaidi. Katika Hospitali ya Kilifi kila mtoto aliyelazwa alichukuliwa damu ya kuotesha kuanzia mwaka 1998. Matokeo yaliyochapishwa 2005 yalionyesha kwamba karibu robo ya watoto waliofia hospitalini walikuwa na bakteria katika damu, na salmonela zisizo za taifodi zilikuwa miongoni mwa wauaji wakubwa. Dar es Salaam ilifuata. Katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, kati ya Agosti 2001 na Agosti 2002, watoto wenye bakteria katika damu walikufa kwa kiwango cha asilimia 34.9. Kwa bakteria wa kundi ambamo salmonela imo kiwango kilifika asilimia 43.5, zaidi ya maradufu ya malaria, iliyoua asilimia 20.2. Watafiti walipopima sababu, mtoto kupewa dawa ambayo bakteria wake ameshaishinda kulikuwa kiashiria cha kifo kinachojitegemea. Hizo ni takwimu za hospitali kubwa kuliko zote nchini. Mtoto wa Lalago au Malampaka, huku Maswa, hakuwamo kwenye hesabu, na nadhani hali yake haikuwa bora.

Hapa lazima niliguse swali ambalo kila mfugaji wa Maswa ana haki ya kuliuliza: je, ni ng'ombe wetu? Jibu si rahisi, na wanaolifanya rahisi wanakosea. Samuel Kariuki wa Taasisi ya Utafiti wa Tiba Kenya na wenzake walikwenda nyumbani kwa watoto waliougua, wakachukua sampuli za watu wa familia, za wanyama na za mazingira. Ripoti yao ya mwaka 2006 ilionyesha kwamba salmonela za watoto zilifanana zaidi na za binadamu wenzao wa nyumbani kuliko za mifugo iliyowazunguka. ST313 inaelekea kuwa imezoea kuhama kutoka mtu hadi mtu, na njia zake ni choo kibovu, maji, na chakula kilichoshikwa na mikono ya mtu anayebeba bakteria bila kuugua. Hata hivyo mifugo haijaachiwa huru. Mwaka 2016 uchunguzi wa Enteritidis kutoka nchi nyingi ulitenganisha ukoo ulioenea duniani pamoja na ufugaji wa kuku wa kisasa, na koo nyingine za Kiafrika zinazoingia kwenye damu na zenye usugu mwingi zaidi. Kuku wa kisasa wanaongezeka katika miji midogo ya Simiyu kama kwingineko, na wanafugwa kwa dawa.

Kuhusu dawa hizo tunazo kumbukumbu za uingizaji. Takwimu za uingizaji wa antibiotiki za mifugo Tanzania kwa miaka ya 2010 hadi 2017 zinaweka jamii ya tetrasaiklini juu ya nyingine zote. Ni ile OTC, yaani oksitetrasaiklini, ambayo mfugaji hununua duka la pembejeo na kumchoma ng'ombe mwenyewe, akikadiria uzito kwa macho, kwa sababu bwana mifugo ana kata nzima ya kuzungukia. Simlaumu: ng'ombe ni benki, mahari na ada ya shule, na akizubaa siku mbili amempoteza. Lakini lebo ya chupa inataja siku ambazo maziwa yasinywewe na mnyama asichinjwe, na anayekuta mnyama amedhoofika siku moja kabla ya mnada hapendi kuisoma. Nyama ile inaliwa. Na hata dawa ikiisha mwilini, bakteria waliobaki matumboni mwa ng'ombe ni wale walioshinda.

Mwanza, ambako wagonjwa wa Simiyu hupelekwa rufaa, kumefanyika kazi ya kuonyesha jinsi ukuta kati ya mnyama na mtu ulivyo mwembamba. Watafiti wa hospitali ya Bugando, wakiwamo Jeremiah Seni na Stephen Mshana, walipata kwa wanyama wa nyumbani na wa kufugwa jijini bakteria wa E. koli wanaobeba jeni la CTX-M-15, linalovunja dawa za jamii ya seftriaksoni. E. koli si salmonela. Lakini wanaishi tumbo moja, na jeni hilo husafiri kwa plasmidi. Mwaka 2015 Kariuki na wenzake walitangaza walichokuwa wakikiogopa: ST313 kutoka kwa wagonjwa wa Kenya, isiyosikia seftriaksoni, ikiwa na CTX-M-15 kwenye plasmidi mpya.

Uzito wa habari hiyo unaeleweka ukikumbuka kilichotokea baada ya kloramfenikoli kuchoka. Hospitali zilihamia seftriaksoni, sindano ya mara moja kwa siku, na bei yake iliposhuka ikawa dawa ya kila homa kali kutoka Mombasa hadi Kigoma. Ilirithi kazi ya kloramfenikoli na matumizi yake mabaya pia. Mwaka 2019 ripoti kutoka Kisantu, Kongo, ilieleza tawi jipya la ST313 lenye usugu wa dawa zote za zamani, pamoja na seftriaksoni na azithromaisini. Kwa bakteria kama huyo hospitali ya wilaya inabaki karibu mikono mitupu.

Taifodi nayo ilikuwa na njia yake. Ukoo uitwao H58, wenye usugu wa dawa nyingi, ulitoka Asia Kusini ukaingia Afrika Mashariki, ukatawala Nairobi. Uganda ililipa gharama kubwa Kasese: kati ya Desemba 2007 na Julai 2009 walihesabiwa wagonjwa 577, na 249 kati yao matumbo yalitoboka. Bugando ilipokea mkasa huohuo kwa kiwango kidogo zaidi lakini mfululizo. Kati ya 2006 na 2011 madaktari wake wa upasuaji waliwafungua matumbo wagonjwa 104 wa taifodi waliotoboka utumbo, na karibu mmoja kati ya kila wanne alikufa. Tumbo hutoboka mara nyingi ugonjwa ukishakaa wiki mbili au tatu, yaani baada ya dawa za dukani kujaribiwa na kushindwa.

Na bado kuna uovu wa upande wa pili: kutibu taifodi isiyokuwapo. Kipimo cha Widal, kilichobuniwa na Fernand Widal mwaka 1896, ndicho kinachotegemewa katika maabara ndogo nchini. Huko Muheza, Tanga, kililinganishwa na uoteshaji wa damu kwa watoto waliolazwa, na matokeo yakachapishwa 2010: kati ya waliopata jibu la ndiyo, karibu robo tu ndio waliokuwa na taifodi kweli. Wengine walikunywa sipro (siprofloksasini) na dawa nyingine kwa ugonjwa usiokuwa wao, na bakteria wa matumboni mwao wakazifahamu. Ukisikia mtu Maswa akisema taifodi yake hurudi kila baada ya miezi mitatu, fikiria kwanza kipimo kabla ya kumfikiria mgonjwa.

Muheza pia ilitoa habari njema, na inastahili kusemwa kwa sauti. Malaria ilipopungua kule, salmonela katika damu ya watoto ilipungua pamoja nayo, bila dawa yoyote mpya ya salmonela. Kilifi waliona jambo hilohilo. Kwa mkoa kama Simiyu, uliozaliwa mwaka 2012 ukiwa na watu 1,584,157 na sasa umevuka milioni 2, chandarua ni kinga dhidi ya bakteria sugu kwa kiasi ambacho mabango ya kuhimiza chandarua hayajawahi kukisema. Choo na maji safi ni vivyo hivyo. Kampeni za usugu wa dawa zimewaelekea mno wanaomeza na zimewasahau wanaochota maji kwenye lambo.

Serikali haikukaa kimya. Mwaka 2003, kuanzia Ruvuma, yalianza maduka ya dawa muhimu yenye wauzaji waliofunzwa, badala ya duka la dawa baridi la zamani, na yakaenea nchini. Mwaka 2017 ulitoka mpango wa kwanza wa taifa wa kupambana na usugu wa vimelea dhidi ya dawa, wa miaka mitano, ukawakutanisha madaktari wa watu na wa mifugo. Wa pili ni wa 2023 hadi 2028. Kwenye karatasi ni mipango mizuri. Lakini antibiotiki bado zinauzwa bila cheti, nusu dozi kwa mwenye nusu fedha, na sampuli za taifa za kufuatilia usugu hutoka hasa kwenye hospitali kubwa za miji.

Chanjo nayo imeanza kuleta tofauti kwa taifodi: Malawi iliiingiza kwa watoto wake mwaka 2023. Haimkingi mtoto dhidi ya Typhimurium wala Enteritidis, ambazo chanjo zake zingali katika majaribio. Kwa makadirio ya mwaka 2017, salmonela hizo zisizo za taifodi ziliingia kwenye damu za watu 535,000 duniani na kuua 77,500, wengi wao watoto wa Afrika kusini mwa Sahara.

Chupa ya damu inayowekwa maabara leo hutaja jina la bakteria baada ya siku mbili au tatu, na orodha ya dawa zinazomweza siku moja zaidi. Mtoto wa Maswa hupewa seftriaksoni saa ya kwanza, kwa kukisia, kwa sababu hakuna muda wa kusubiri. Ili daktari wake akisie vizuri anahitaji kujua ni bakteria gani walio katika wilaya yake na dawa zipi bado zinawaweza, mwaka huu. Hiyo ni kazi ya friji, jenereta, chupa za kuoteshea na fundi maabara mmoja aliyefunzwa katika hospitali ya mkoa Bariadi, na sampuli za kinyesi cha ng'ombe na kuku zichukuliwe machinjioni katika miezi ileile. Kilifi ni mji mdogo wa pwani, na imekuwa ikiifanya kazi hiyo tangu 1998.